Zanzibar 2010: mwaka ulioanza gizani ukaisha kwa kupeana mikono

Kamati zetu na wafadhili huuliza mara kwa mara: je, mabadiliko huletwa na fedha, au huletwa na watu kukubaliana? Mwaka 2010 katika kisiwa cha Unguja unatupa mfano mzuri wa kufikiria swali hilo. Katika mwaka huo mmoja Zanzibar ilikabiliwa na tatizo la umeme na tatizo la siasa, na yote mawili yalipatiwa ufumbuzi, ingawa si kwa njia moja.

Miezi mitatu bila umeme

Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 hitilafu upande wa Fumba ilikiacha kisiwa gizani kwa karibu mwezi mzima. Mwezi Desemba 2009 hitilafu nyingine ilitokea, na safari hii umeme haukurudi hadi Machi 2010.

Giza la usiku lilikuwa sehemu ndogo tu ya shida. Pampu za maji hutegemea umeme, hivyo mifereji ilikauka na watu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wakawa wanabeba madumu na ndoo kutafuta visima. Wavuvi walikosa barafu ya kuhifadhia samaki. Mafundi wa kuchomelea, washonaji na wenye mashine za kusaga walikaa bila kazi. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta, lakini muuza duka wa Darajani hakuweza kumudu gharama ya mafuta kila siku.

Hasara nyingine haikuonekana kwa macho. Mtafiti Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za uzazi za baada ya giza la 2008 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2014. Aligundua kwamba wenye kazi za kutegemea umeme walipoteza saa za kazi, na kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Kwa hiyo kipato kilichopotea kwa wiki chache tu kilimfikia hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Ufumbuzi ulikuja hatua kwa hatua. Mwezi Juni 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari, kwa msaada wa Norway. Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, kwa fedha za Marekani.

Kutoka uhasama hadi maridhiano

Tatizo la pili lilikuwa la zamani zaidi. Uchaguzi wa 1995, 2000 na 2005 uliacha uhasama mkubwa kati ya wafuasi wa CCM na CUF. Mwezi Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa katika maandamano. Katika baadhi ya vijiji watu walisusiana madukani, misikitini na hata mazikoni. Miafaka miwili, ya 1999 na ya 2001, ilitiwa saini na vyama, lakini utekelezaji wake ulikwama.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu na kukubaliana kuyaacha ya nyuma. Mwezi Januari 2010 Baraza la Wawakilishi liliunga mkono hatua hiyo. Tofauti na miafaka ya awali ni kwamba safari hii wananchi wenyewe waliulizwa. Tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ilipigwa, na asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikarekebishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na vyama vigawane wizara.

Uchaguzi wa 31 Oktoba ulikuwa wa karibu mno. Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Matokeo yalipotangazwa katika ukumbi wa Bwawani, Maalim Seif aliyakubali na wawili hao wakapeana mikono. Baadaye akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Hapakuwa na damu, na hilo ndilo wengi walilolishukuru.

Hata hivyo, amani hiyo haikudumu bila mtikisiko. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ya pamoja ikavunjika. Ilirejea Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye machungu, na Maalim Seif akawa tena Makamu wa Kwanza hadi alipofariki Februari 2021.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kutegemea njia moja tu ni hatari. Waya mmoja, pampu moja au mfadhili mmoja ukikatika, wanyonge ndio huumia kwanza. Pili, makubaliano ya viongozi hupata nguvu zaidi wananchi wanapoyapitisha na sheria inapoyalinda. Tatu, sheria pekee haitoshi. Waya unahitaji fundi wa kuukagua, na amani nayo inahitaji watu wa kuitunza kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Maswali kwa kamati

1. Mradi wetu unategemea kitu gani kimoja ambacho kikiharibika, kila kitu kitasimama?
2. Fedha za matengenezo zimetengwa, au tunangoja paharibike?
3. Maamuzi yetu yanajulikana na wanajamii wote, au na wajumbe wachache tu?
4. Je, wapo majirani wasiosemeana kwa sababu ya siasa? Nani anaweza kuwakutanisha?