Shangazi Hakuacha Wasia, Nasi Hatukumkumbusha

Shangazi yetu alitutoka alfajiri ya Ijumaa, msimu wa kupalilia uwele, akazikwa alasiri hapa Kilimatinde, mji wa kale ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni. Waliofika kumswalia walijaa msikitini hadi uani, kwani wengi wao walikwisha kula katika sinia lake.

Marehemu hakujaaliwa mtoto, na mumewe alitangulia mbele ya haki. Kaka yake, ambaye ni baba yetu, alipofariki, alituchukua sote watano: wavulana wawili na wasichana watatu. Alilima karanga na uwele, akafuga kuku, na kwa hayo tulivaa na kusoma. Tulipopata nafasi katika chuo cha dini, alitusindikiza hadi stesheni ya Saranda, kapu la karanga kichwani. Treni ilipoanza kusogea alisema maneno machache: "Kasome, kisha uje utufunze."

Tulisoma, na miongoni mwa masomo hayo ilikuwamo elimu ya mirathi. Tukarejea, tukakabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti, na mara nyingi tumeketi kwenye mikeka ya wafiwa tukiwapigia watu hesabu za mafungu yao. Shangazi yetu hatukumfunza.

Siku chache baada ya maziko familia ilikaa kikao. Gharama za maziko zilikwisha kulipwa, na deni dogo la dukani likalipwa pia, kwa kuwa madeni hutangulia wasia, na wasia hutangulia mirathi. Ikabaki nyumba na shamba. Kwa kuwa marehemu hakuacha mume, mtoto, mzazi wala ndugu aliye hai, mali yake iliwaendea wana wa kiume wa kaka yake. Mabinti wa kaka hawamo katika warithi hao. Basi sisi wawili tungechukua kila kitu, na dada zetu, waliomwogesha na kumlisha muda wote wa maradhi yake, wasingepata hata mkeka aliolalia.

Dada yetu mkubwa alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa nyumba, akauweka mbele yetu. "Wadogo zangu, sheria ya Mwenyezi Mungu hatuipingi. Tuambieni tu, tuhamie wapi?"

Kosa halikuwa la sheria. Sheria ilimwachia shangazi mlango: Muislamu anaweza kumuusia asiye mrithi hadi thuluthi moja ya mali yake. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Saad bin Abi Waqqas thuluthi hiyo, akamweleza kuwa hata hiyo ni nyingi. Aidha alihimiza kuwa mwenye kitu cha kuusia zisimpite siku mbili kabla hajauandika wasia wake. Ilihitajika karatasi moja na mashahidi wawili. Mwenye elimu hiyo alikuwa akila chakula cha shangazi kila Ijumaa.

Qur'an haikutuacha. Aya ya 8 ya Surat An-Nisaa inawaelekeza warithi wawape chochote jamaa wasiorithi wanaohudhuria mgawanyo, na waseme nao kwa wema. Tena mrithi aliye mtu mzima anaweza kutoa kilicho chake kwa hiari. Ndugu yetu aliuokota ufunguo, akamrudishia dada mkononi. Tukaandika, mashahidi wakatia saini: nyumba ni ya dada watatu.

Lakini hiyo ilikuwa hiari ya warithi, na si kila familia itaipata. Ndugu msomaji, ikiwa shangazi yako yu hai, mtembelee wiki hii ukiwa na kalamu. Usione haya kutaja mauti mbele ya mzee; wazee huyataja kila siku. Muulize thuluthi yake angependa imfae nani, kisha uandike.

Hapa msikitini tumeanza darasa la wasia baada ya swala ya Ijumaa, na akina mama ndio wa kwanza kuandikiwa. Tumechelewa kwa mmoja. Allah amrehemu, aipanue kaburi yake, na atusamehe sisi aliotusomesha. Amin.