Nani Achague Kwanza?

Ukitaka kuona dhuluma ya kimyakimya, waangalie watoto wa Milepa, huku kwetu bonde la Ziwa Rukwa, wakigawana timu za chandimu. Manahodha wawili wanachagua kwa zamu: wewe mmoja, mimi mmoja. Unaona ni haki, kumbe wapi!

Tuseme wachezaji ni wanane. Mkali kuliko wote ana alama 8, anayefuata 7, hadi wa mwisho mwenye 1. Aliyeanza kuchagua anazoa 8, 6, 4 na 2, jumla 20. Mwenzake anabaki na 16. Kila raundi anaachwa alama moja.

Dawa imo kwenye namba za kizio cha mbili, zile za 0 na 1 tu ambazo simu yako inazitumia muda huu. Zipe zamu namba, 0 hadi 7, uziandike kwa kizio hicho: 0, 1, 10, 11, 100, 101, 110, 111. Sasa angalia kila namba ina tarakimu 1 ngapi. Zikiwa shufwa (sifuri nayo ni shufwa, jamani), anachagua nahodha A. Zikiwa witiri, B. Unapata A B B A B A A B. Jumlisha alama zao: 18 kwa 18.

Utasema hata A B B A ikirudiwa mara mbili inatoa 18 kwa 18. Kweli. Ila vipaji havishuki kwa hatua sawa, kuna dogo mmoja anawapita wote mbali. Basi zidisha kila alama kwa yenyewe: mkali ana 64, anayefuata 49, kisha 36, hadi 1. Ya kurudia inatoa 106 kwa 98. Yetu? 102 kwa 102. Na ukiwa na wachezaji 16, hata vipeo vya tatu vinalingana. Mimi ninayesomea ualimu ningeanzia hapa kufundisha kizio cha mbili, si kwenye kugawa kwa 2 ubao mzima.

Mfaransa Prouhet aliigusa siri hii mwaka 1851. Mfuatano wenyewe, ajabu, unaitwa Thue–Morse, kwa majina ya waliokuja baadaye, 1906 na 1921.

Wakubwa wa soka nao walijaribu. Mwaka 2017 IFAB, watunga sheria za mpira, walianza majaribio ya penati za A B B A, ile ya kurudia. Arsenal waliifunga Chelsea hivyo kwenye Ngao ya Jamii Agosti mwaka huo. Mwaka 2018 wakaachana nayo. Walisema inachanganya watu.