Minyoo ya Matende Huvifungulia Mlango Virusi vya Ukimwi

Hapa Kyela tunayajua matende. Mguu huvimba, na ngozi huwa ngumu. Tunayajua na mabusha. Wengine husema mgonjwa amerogwa. Si kweli. Matende huletwa na minyoo, na mabusha mengi pia. Minyoo hiyo huenezwa na mbu.

Leo tujifunze jambo ambalo wengi hawajalisikia. Minyoo hiyo huweza kumdhuru mtu hata kabla mguu haujavimba. Humfanya apatwe na virusi vya ukimwi kwa urahisi zaidi.

MINYOO HUINGIAJE MWILINI?

Mbu humwuma mtu mwenye minyoo. Hunyonya damu yenye watoto wa minyoo. Watoto hao hukua ndani ya mbu. Kisha mbu humwuma mtu mwingine, na minyoo huingia kupitia ngozi.

Minyoo mikubwa ni myembamba kama uzi. Haikai tumboni. Hukaa katika mishipa ya maji ya mwili, kwa miaka mingi. Watoto wake huzunguka katika damu, hasa usiku. Watu wengi wenye minyoo hii hawaumwi wala hawavimbi. Hutembea, hulima na huvua samaki bila kujua.

Wilaya yetu ina mabonde ya mpunga. Mito kama Kiwira na Mbaka hufurika wakati wa masika. Maji yakituama, mbu huzaliana.

WATAFITI WALIONA NINI?

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2011 watafiti walifanya kazi hapa kwetu Kyela. Walitoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mbeya, na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani. Waliwafuatilia watu 1,055 ambao hawakuwa na virusi vya ukimwi. Waliwapima tena mara kwa mara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016.

Kati ya kila watu 100 wenye minyoo ya matende, karibu 2 walipata virusi vya ukimwi kwa mwaka. Kati ya watu 100 wasio na minyoo, hakufika hata mmoja. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa vijana. Watafiti waliwauliza watu pia kuhusu mienendo yao. Hata hivyo, tofauti ilibaki.

KWA NINI IWE HIVYO?

Mwili una askari wake ndani ya damu. Minyoo ikikaa mwilini, askari hao huwa macho muda wote. Virusi vya ukimwi huwashambulia askari hao hao. Askari aliye macho ni rahisi zaidi kuingiwa na virusi kuliko askari aliyetulia.

Fikiri kijiji ambacho mbiu ya hatari hupigwa kila usiku. Watu hutoka mbio na kuacha milango wazi. Usiku mmoja mwizi anapita. Ataingia kwa urahisi. Minyoo ndiyo inayopiga mbiu. Virusi ndivyo mwizi.

TUSIELEWE VIBAYA

Minyoo haileti ukimwi. Mbu haambukizi ukimwi. Mwenye matende si lazima awe na ukimwi, basi tusimnyanyapae. Virusi vya ukimwi huambukizwa hasa kwa kujamiiana na mtu aliye navyo, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi mtoto. Tena, dawa ya minyoo si kinga ya ukimwi.

DAWA ILISAIDIA

Mwaka 2009 karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopimwa Kyela alikuwa na minyoo ya matende. Ndipo wananchi walipoanza kugawiwa dawa mbili kila mwaka, ivermektini na albendazo. Mtakumbuka kijiti cha kupimia urefu, ili kujua idadi ya vidonge. Walipopimwa mwaka 2019, wenye minyoo hawakufika 2 kati ya kila 100. Haya ni mafanikio yetu wenyewe. Yalitokana na watu kukubali kumeza dawa.

TUFANYE NINI?

1. Lala ndani ya chandarua kila siku, wewe na watoto.
2. Fukia madimbwi karibu na nyumba. Funika shimo la choo.
3. Dawa za minyoo zikigawiwa kijijini, meza. Mama mjamzito na mgonjwa mahututi wamweleze mgawaji kwanza.
4. Ukiona uvimbe wa mguu au wa korodani, nenda zahanati mapema. Busha hupasuliwa hospitali na mtu hupona. Mguu wenye matende uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe vizuri.
5. Tumia kondomu, au uwe mwaminifu kwa mwenzi mmoja ambaye mmepima pamoja.
6. Pima virusi vya ukimwi. Ukiwa navyo, anza dawa mara moja, nawe utaishi na kufanya kazi.

Vijana wa Ipinda, Matema, Itungi na kwingineko, someni haya kisha muwasomee wazee nyumbani. Minyoo imepungua, lakini mbu bado wapo. Tukizembea, itarudi.