Ndege ya Kujiundia Nyumbani: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Kila inaposambaa picha ya kijana aliyeunda ndege uani kwao, wengine humwita kichaa na wengine humsifu kuwa mvumbuzi aliyekosa mtu wa kumshika mkono tu. Wote wanasahau kwamba kazi hii ina utaratibu wake, nao ni wa zamani. Ndege za kiti kimoja zimeundwa majumbani kwa zaidi ya miaka mia moja. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, hakutaka hataza ya kindege chake cha Demoiselle, na mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics likachapisha michoro yake ili kila mwenye kutaka ajiundie.

"Ndege ya mbao na kitambaa itakatika hewani."

Si kweli. Mosquito ya Uingereza, ndege ya vita iliyokuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa za wakati wake, iliundwa kwa sehemu kubwa kwa mbao na plaiwudi. Fly Baby, ndege ya kiti kimoja ya Peter Bowers, mhandisi wa Boeing, ni ya mbao na kitambaa pia. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1960, ina uzito wa kilo 274 hivi ikiwa tupu, na mabawa yake hukunjwa ili ikokotwe na gari hadi nyumbani.

Cha kuogopwa ni kiungo kibovu cha gundi. Mosquito zilizopelekwa India na Burma zilianza kuachia viungo kwa joto na unyevu, na gundi ya zamani itokanayo na maziwa ikabadilishwa kwa gundi ya kemikali. Anayeishi Tanga au Mombasa asilipite jambo hilo haraka. Fundi makini, kila anapokoroga gundi, huunganisha pia vipande viwili vya mabaki ya ubao uleule, huvibana kwa jiriwa, huviacha vikauke, kisha huvivunja kwa nyundo. Ukipasuka ubao wenyewe, kazi ni nzuri. Mpasuko ukifuata mstari wa gundi, kila kilichounganishwa kwa mkorogo ule kinarudiwa, hata kama ni kazi ya wiki nzima.

"Mbunifu mwenyewe anairusha kila siku, kwa hiyo ni salama."

Si kweli, na Wafaransa na Waingereza walilijua hilo kwa misiba. Henri Mignet, Mfaransa, aliirusha HM.14 yake mwaka 1933, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichoonyesha mtu wa kawaida namna ya kuiunda. Watu waliiita Pou-du-Ciel, chawa wa angani. Ilikuwa na bawa mbele na bawa nyuma, na rubani aliinua au kushusha pua kwa kuinamisha bawa la mbele. Ilipendwa mno, kisha marubani wakaanza kufa. Mwaka 1936 ndege nzima ilipimwa ndani ya mahandaki ya upepo, Farnborough na Chalais-Meudon, na siri ikajulikana: pua ikishaelekea chini sana, upepo unaopita kati ya mabawa mawili huzidi kuliinua lile la nyuma. Rubani anavuta usukani ajiokoe, na ndege inaendelea kupiga mbizi.

Wengi wa marubani hao walifuata mchoro kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kwenye mchoro, mahali ambapo Mignet mwenyewe hakuwahi kufika kwa usukani wake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kijana wa uani anahitaji ujasiri tu na mtaji. Anachohitaji kwanza ni mchoro uliokwisha kupimwa na wengine, kisha nidhamu ya kutoubadilisha.

"Injini ikizima, ndege inaanguka kama jiwe."

Si kweli. Huteleza hewani na kushuka taratibu, mradi rubani ashushe pua alinde mwendo. Wengi huangamia kwa kujaribu kugeuka warudi uwanjani wakiwa chini mno.

"Hatari kubwa ni ufundi wa kienyeji wa mabawa."

Si kweli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichapisha utafiti wake mwaka 2012. Ndege za kujiundia zilikuwa takriban asilimia 10 ya ndege za matumizi binafsi na shughuli ndogondogo, lakini mwaka 2011 zilichangia asilimia 15 ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Hatari ipo, tusiifiche. Ila yaliyotajwa sana humo ni injini kukosa nguvu na rubani kushindwa kuimudu ndege.

Mwanamuziki John Denver alikufa Oktoba 1997 huko California akirusha Long-EZ, ndege ya viti viwili iliyoundwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameinunua karibuni tu. Mabawa hayakuwa na tatizo. Mchoro uliweka koki ya kuchagua tangi la mafuta mbele ya rubani, lakini aliyeiunda aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia kulitaka rubani ajipinde, na wachunguzi waliona kwamba katika kujipinda huko aliukanyaga usukani wa mguu bila kukusudia.

Kwa hiyo mfumo wa mafuta ndio unaostahili kukukosesha usingizi. Kama mafuta yanashuka kwa uzito wake tu, inyanyue pua ya ndege kama inavyokuwa ikipanda, fungua bomba mahali linapoingia kwenye kabureta, kinga chombo, shika saa. Yanayotiririka yawe angalau mara moja na nusu ya yale yanayotumiwa na injini wakati wa kuruka. Injini inayokunywa lita 16 kwa saa inataka bomba litoe lita 24.

"Kiti kimoja ni rahisi kuliko viwili."

Kuunda, ndiyo. Kurusha, hapana. Mwalimu hana pa kukaa, kwa hiyo safari yako ya kwanza ndani yake unaifanya peke yako. Marubani wenye busara hujinoa kwanza kwenye ndege ya viti viwili yenye tabia zinazofanana nayo.

"Kwa ndege ndogo hivi hakuna haja ya leseni."

Marekani ni kweli kwa kiasi: ndege ya kiti kimoja yenye injini, isiyofika kilo 115 ikiwa tupu na isiyobeba zaidi ya lita 19 hivi za mafuta, huruka bila leseni. Fly Baby haimo. Tanzania na Kenya, wa kuulizwa ni mamlaka za usafiri wa anga, TCAA na KCAA, na swali lipelekwe kabla ubao wa kwanza haujanunuliwa, kwa sababu mkaguzi hutaka kuona mbavu na viungo vya bawa likiwa wazi. Ukishalifunika kitambaa, utalazimika kukichana.