Injini ya Gari la Kikundi: Kamshafti na Mafuta Vichaguliwe Pamoja



Kikundi chenye pikapu ya zamani, tuseme Peugeot 504, hufika siku injini inapokula oili, inatoa moshi wa bluu na kushindwa na mlima. Hapo hukatwa shauri ifunguliwe na kujengwa upya. Fundi naye huuliza maswali mawili: tuweke kamshafti gani? Na kabureta tuiache au tufunge injekta?

Maswali haya hujibiwa moja moja, kama kwamba hayahusiani. Sisi tunasema yajibiwe pamoja. Na wajibu wenye gari, si fundi peke yake, maana pesa ni za wanachama wote.

KAMSHAFTI HUFANYA NINI?

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu. Huzungushwa na krankshafti; krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Nundu ikipanda, valvu hufunguka. Valvu moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kwa hivyo umbo la nundu ndilo linaloamua mlango ufunguke kiasi gani na ukae wazi kwa muda gani.

Kamshafti ya kawaida hufunga mlango mapema. Silinda hushika hewa yake vizuri hata injini ikienda polepole, na gari huvuta mzigo. Kamshafti ya mashindano huacha mlango wazi kwa muda mrefu. Injini ikienda mbio sana, hewa nyingi huingia na nguvu huongezeka. Lakini ikienda polepole, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia husukumwa nje tena kabla valvu haijafunga. Gari linatetemeka likisimama, linakula petroli, na likiwa na magunia ya viazi kwenye mlima linazimika.

Sasa jiulizeni: gari lenu linakwenda mashindano au sokoni?

KABURETA AU INJEKTA?

Kabureta hutumia mvuto wa hewa inayopita kuchota petroli. Ni kifaa rahisi. Ikiziba uchafu njiani, fundi wa kijijini huifungua kwa bisibisi, akaisafisha, safari ikaendelea. Udhaifu wake ni kwamba haijui gari liko wapi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambako ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopimwa Pwani, ikifika bara, hutoa petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi, na pesa zinapotea.

Injekta za kompyuta hupima hewa kwa sensa, kisha hunyunyiza petroli inayotosha. Gari huwaka vizuri asubuhi ya baridi na huweza kupunguza matumizi ya petroli. Lakini zina mahitaji yake. Pampu ya kabureta husukuma kwa nguvu ya pauni 3 hadi 5 tu kwa inchi ya mraba. Mifumo mingi ya injekta huhitaji kama pauni 43, yaani kushinda upepo wa tairi la gari dogo. Mpira wa zamani wa petroli hauwezi nguvu hiyo. Ukipasuka karibu na injini yenye moto, gari litaungua pamoja na waliomo. Kwa hivyo mkifunga injekta, badilisheni mipira na vibano vyote, safisheni tangi, wekeni filta nzuri, na mhakikishe alternata na betri ni nzima.

MBONA GARI LA SAFARI RALLY LILIKUWA NA INJEKTA?

Swali hili halikosi kuulizwa. Ni kweli, Ove Andersson alishinda Safari Rally mwaka 1975 kwa Peugeot 504 ya injekta. Hizo hazikuwa za kompyuta, bali za pampu ya chuma inayozungushwa na injini. Lakini hata katika 504 za kawaida za lita 2, injekta ziliongeza nguvu-farasi kama 10 tu kuliko kabureta. Pampu ya namna ile ikiharibika leo, wanaojua kuitengeneza ni wachache na spea ni za kutafutwa kwa taabu.

KWA NINI VICHAGULIWE PAMOJA?

Kompyuta nyingi za injekta hukisia hewa kwa kupima mvuto ulio ndani ya injini. Kamshafti ya mashindano huvuruga mvuto huo gari likiwa polepole, basi kompyuta hudanganyika na kutoa petroli isiyo sawa. Kabureta nayo hutegemea mvuto uo huo. Mkikosea kamshafti, hakuna mfumo wa mafuta utakaowaokoa.

USHAURI WETU

1. Anzeni na kazi: mzigo gani, barabara gani, milima mingapi.

2. Kwa pikapu ya mzigo, chagueni kamshafti ya kawaida. Dukani ulizeni nguvu yake huanzia mizunguko mingapi kwa dakika. Mkiambiwa 3,000, iacheni hapo hapo.

3. Kamshafti mpya iwekewe tapeti mpya. Za zamani zitakula nundu upesi.

4. Injini ikiwashwa mara ya kwanza, isiachwe ingurume polepole. Ishikwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20, ili oili irukie nundu zote.

5. Kabureta ikiwa nzima, ifanyiwe usafi na ipimwe mahali gari linapofanyia kazi. Injekta mzifikirie tu kama karibu nanyi kuna fundi wa umeme wa magari, na pesa za mipira, pampu na nyaya zipo tayari.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

— Gari letu huingiza pesa kwa mwendo kasi au kwa kubeba mzigo?

— Likiharibika njiani usiku, ni nani atakayelitengeneza, na kwa spea gani?

— Pesa za injekta, zikitumiwa kwa breki na tairi, zingetufaa zaidi?

Mkishajibu haya, muiteni fundi.