Mchezo wa Vinyoya (4): Kipaji cha Mtoto ni Amana

An Se-young wa Korea Kusini alimfunga He Bingjiao wa China 21-13, 21-16 mjini Paris, tarehe 5 Agosti 2024, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya wanawake, mmoja kwa mmoja. Papo hapo akalishutumu shirikisho lake: jeraha la goti alilopata mwaka uliotangulia, kwenye Michezo ya Asia, lilichukuliwa kijuujuu.

Ili kuona kipaji cha mtoto kinavyohitaji kutunzwa, niruhusiwe kurudi Jakarta, Mei 1994, fainali ya Kombe la Uber, la timu za taifa za wanawake, China ikiwa imelishikilia tangu 1984. Indonesia 2, China 2. Mechi ya mwisho akaingizwa Mia Audina, mtoto wa miaka 14, akabiliane na Zhang Ning wa miaka 19. Enzi hizo seti ya wanawake iliishia pointi 11, na pointi ilikuwa ya anayeanzisha tu. Mpokeaji akishinda mpigo, alichopata ni zamu ya kuanzisha. Mia akashinda kwa seti tatu, Indonesia ikachukua kombe. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, akiwa na miaka 16, alipata fedha nyuma ya Bang Soo-hyun, Mkorea wa mwisho kutwaa dhahabu hiyo kabla ya An.

Na Zhang Ning? Athens 2004 alikutana tena na Mia, ambaye sasa aliichezea Uholanzi, kwenye fainali. Zhang akashinda akiwa na miaka 29, na Beijing 2008 akarudia akiwa na miaka 33. Mvumilivu hula mbivu, lakini mwili uwe umetunzwa.

An aliitwa timu ya taifa Desemba 2017, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 15. Mwaka 2018, Jakarta hiyo hiyo, Chen Yufei wa China alimtoa katika mechi yake ya kwanza ya Michezo ya Asia. Mwaka uliofuata An, akiwa na miaka 17, alimshinda Carolina Marín wa Uhispania kwenye fainali ya mashindano ya wazi ya Ufaransa. Silaha ya An ni kurudisha kila kitu: kinyoya kikidondoshwa mbele ya wavu, hutupa hatua moja ndefu na uzito wote hutua kwenye goti moja, kisha husukuma mwili kurudi nyuma. Hurudia hivyo mechi nzima.

Goti la namna hiyo halingoji vikao. Viongozi wa michezo, mkimwita mtoto kambini, tafuteni daktari kwanza. Kabati la vikombe lifuate.