Kucha za mbwa mlinzi: namna ya kuzisaga bila kumuumiza



Mbwa anayefuatana na ng'ombe kwenye rweya kila siku hahitaji somo hili. Mawe na ardhi ngumu humpunguzia kucha bila gharama. Tunamzungumzia yule anayefungwa mchana kutwa kibanjani, akafunguliwa usiku alinde mbuzi. Udongo wa kibanja ni laini na umefunikwa matandazo ya nyasi na majani ya migomba, kwa hiyo haumalizi kucha. Zinarefuka, zinajikunja, vidole vinatanuka, na mbwa anaanza kuchechemea. Wengine hudhani amevunjika mguu. Mbwa wa namna hiyo hulala tu. Fisi au mwizi akija, atabweka akiwa amelala.

Mpime hivi: msimamishe mahali tambarare. Kama kucha zinagusa chini akiwa amesimama tu, au zinagonga sakafu ya saruji akitembea, ni ndefu. Angalia pia ukucha ulio juu kidogo upande wa ndani wa mguu wa mbele, ulio kama kidole gumba. Huo kwa kawaida haugusi ardhi akisimama au akitembea, hata kwa mbwa wa machungani, na ukiachwa huzunguka ukaingia kwenye nyama. Ndio unaosahaulika zaidi.

Ndani ya kila ukucha kuna nyama laini yenye mshipa wa damu na fahamu. Kwenye ukucha mweupe utaiona kama wekundu. Mbwa wetu wengi wana kucha nyeusi, haionekani, na hapo ndipo kisu na mkasi huleta balaa: ukikata mara moja umeshapita. Kusaga kuna faida kwa sababu unaondoa kidogo kidogo huku ukitazama.

Mashine inayofaa ni ile ndogo ya kushika kwa vidole, kama wanayotumia mafundi wa kucha saluni, yenye kichwa cha msasa laini. Grinda ya fundi wa kuchomelea vyuma USIITUMIE hata siku moja. Ina nguvu kupita kiasi na diski yake huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mbwa akishtuka kidogo tu, kidole kimeondoka, chake au chako. Kwa maoni yangu, mwenye mbwa mmoja hana haja ya kununua mashine. Tupa ndogo ya seremala inatosha, ila inataka subira. Kaya kadhaa zikichanga, sawa.

Usianze kwa kusaga. Siku ya kwanza mwashie mashine kwa mbali huku unampa kipande cha dagaa. Siku inayofuata isogeze, mshike miguu, usimguse nayo. Mbwa wengi huogopa mlio kuliko kitu chenyewe. Akishazoea, mtu mzima anayemfahamu amshike. Watoto wakae mbali. Kama ana tabia ya kung'ata, mfunge mdomo kwa kipande cha kitambaa: zungushia pua, fundo chini ya taya, kisha funga nyuma ya masikio. Dakika chache tu, kwani mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Shika kidole kimoja, sogeza manyoya yasinaswe na mashine. Gusisha msasa kwenye ncha kwa sekunde moja au mbili, inua, gusisha tena. Usikandamize. Msuguano hutoa joto, na ukucha ukipata moto mbwa hatakubali tena mwaka mzima. Tazama ncha kila mara. Mwanzoni utaona unga mkavu wa kijivu. Kikitokea kidoa cheusi au chenye unyevu katikati, ACHA, umekaribia nyama. Vumbi lake lisikuingie machoni wala puani.

Ukucha uliorefuka sana hauwezi kurudishwa siku moja, maana nyama ya ndani nayo imerefuka. Saga kidogo kila wiki. Nyama itarudi nyuma taratibu.

Damu ikitoka, bana ncha kwa unga mkavu wa ngano au mahindi na kitambaa safi kwa dakika tano bila kuchungulia. Usitie mafuta ya taa, maji ya betri wala chuma cha moto. Mzuie kukanyaga matope na samadi siku hiyo, na umkague kila siku: kidonda kilicho wazi huvutia nzi, na mabuu huja baadaye.

Ukiwa umeushika mguu, tazama kati ya vidole. Funza anayemwingia mbwa ndiye huyohuyo anayewaingia watoto. Ukimwona, mwite afisa mifugo, na nyumba nzima ikaguliwe miguu.

Mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa asishikwe kwa kazi hii. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Akikung'ata au meno yakikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo Hospitali ya Rubya au kituo cha afya kilicho karibu nawe, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa usimuue, mfunge peke yake na utoe taarifa kwa afisa mifugo, ili achunguzwe kwa siku 10.